Kabla Hujamkabidhi Fundi Ufunguo wa Pili

Kengele ya wizi na kuwasha gari kwa rimoti: mambo ya kupima, kutoka Kondele, Kisumu



Wasomaji wetu wengi wa Mombasa, Lamu na Malindi wana ndugu wanaoishi Kisumu, na udugu huo si wa jana. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingo wa Ziwa Viktoria mwezi wa Disemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, na watu wa Pwani waliipanda pamoja na biashara zao na dini yao. Siku hizi kinachopanda kutoka bandari ya Kilindini ni magari. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, na kwa sababu hiyo magari mengi yanayotufikia kutoka Japani ni ya kizazi cha karibuni, yale yasiyochomekwa ufunguo. Dereva hukaa na ufunguo mfukoni, hukanyaga breki, hubonyeza kitufe, na injini huwaka.

Gari la namna hiyo likishafika Kisumu, mara nyingi safari yake inayofuata ni Kondele. Hapo ndipo barabara ya Jomo Kenyatta, ikitoka mjini na kulipita soko la Kibuye na Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, inapokutana na daraja la juu kabla ya kuendelea Mamboleo na Kakamega. Pembezoni mwake wako mafundi wa jua kali wa kila aina: wa bodi, wa breki, wa magurudumu na wa umeme wa magari. Mwenye gari jipya hupelekwa kwa fundi wa umeme akiwa na ombi moja: atiwe kengele ya wizi, na kama inawezekana, rimoti ya kuwasha injini akiwa bado ndani ya nyumba.

Ombi hilo lina sehemu mbili, na watu huzichukua kama kitu kimoja kwa sababu huuzwa ndani ya boksi moja. Kengele hulinda. Kuwasha kwa mbali ni raha tu, na raha hiyo, isipofungwa kwa uangalifu, huvunja ulinzi ambao gari lilikuja nao kutoka kiwandani. Jambo hilo hasa ndilo tunalotaka kila familia ilielewe kabla ya kutoa pesa.

Namna gari la kitufe linavyomtambua mwenyewe

Wengi hudhani kwamba kitufe ndicho kinachowasha injini. Kitufe hupeleka ombi tu. Dereva anapokibonyeza, kompyuta ya gari hutoa mawimbi dhaifu ya redio yanayofika mita moja au mbili, kuuliza kama ufunguo upo. Ufunguo uliosajiliwa ukisikia swali hilo hujibu kwa mawimbi ya namna nyingine, ukitoa jibu la siri linalobadilika kila mara. Jibu likiwa sahihi, kompyuta hufungua njia ya umeme na mafuta. Likikosekana, unaweza kubonyeza mpaka kidole kichoke na injini haitazunguka.

Kizuizi hicho mafundi hukiita imobilaiza. Hakipigi kelele wala hakina taa ya kutisha, na labda ndiyo sababu watu hawakithamini. Umoja wa Ulaya ulilazimisha kila gari jipya liwe nacho kuanzia mwaka 1998. Wachumi wawili wa Uholanzi, van Ours na Vollaard, walipochunguza matokeo yake nchini mwao waliona kwamba kilipunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40. Kwa upande wa pili, nchini Marekani magari mengi ya Kia na Hyundai ya ufunguo wa kuzungusha yaliuzwa bila kizuizi hicho, na kuanzia mwaka 2021 vijana walifundishana mitandaoni namna ya kuyaiba kwa dakika chache. Magari ya kitufe ya kampuni hizo hizo hayakuwa na ila hiyo, kwa kuwa yalikuwa na imobilaiza.

Kwa hivyo gari lako la kitufe, hata kabla hujaongeza kitu, tayari lina mlinzi asiyelala. Swali la kumwuliza fundi yeyote ni hili: utamfanya nini mlinzi huyo?

Ufunguo unaobaki ndani ya gari

Rimoti ya kuwashia kutoka mbali hukutana na tatizo moja. Wewe uko chumbani, ufunguo uko nawe, na gari liko uani. Likiuliza kama ufunguo upo, halipati jibu, nalo hukataa kuwaka kama lilivyoumbwa likatae. Ili rimoti ifanye kazi, ni lazima kompyuta idanganywe iamini kwamba ufunguo upo.

Kuna njia mbili za kuidanganya. Ya kwanza ni rahisi na ya bei ya chini: fundi huchukua ufunguo wako wa pili, au kiini chake, akaufunga kwa teipu ndani ya kijiboksi, akauficha nyuma ya dashibodi. Mitambo mizuri kidogo huuamsha ufunguo huo pale tu rimoti inapobonyezwa. Mitambo dhaifu, au kazi ya haraka, huuacha ukiwa macho saa zote. Hapo gari huwa limelala na ufunguo wake tumboni. Mwizi akivunja kioo na kukaa kitini, hahitaji ujuzi wowote. Atakanyaga breki na kubonyeza kitufe kama mwenyewe. Mlinzi tuliyemsifu amepewa likizo, na mwenye gari ndiye aliyelipia likizo hiyo.

Njia ya pili ni moduli inayozungumza na kompyuta ya gari kwa lugha yake, kupitia nyaya zinazobeba taarifa kati ya vyombo vya gari. Moduli hiyo hutengenezwa kwa aina na mwaka maalumu wa gari, huhitaji kusajiliwa kwa mashine, na bei yake ni kubwa zaidi. Ikifungwa na anayeijua, hutoa ruhusa ya kuwasha tu, na hairuhusu gari kuondoka. Mtu akikanyaga breki bila ufunguo halisi kuwapo ndani, injini huzimika papo hapo.

Liko pia boksi la namna ya tatu, nalo huchanganywa na haya. Hilo ni la kuligeuza gari la ufunguo wa kawaida liwe la kitufe. Humo nako mara nyingi kiini cha ufunguo wa asili hufungwa karibu na swichi ili imobilaiza itulie. Ukinunua gari la mtumba ndani ya nchi, na kitufe chake kinaonekana kutofanana na dashibodi, uliza kama kilikuja nalo au kilitiwa baadaye.

Fimbo ya mbali

Sasa tuulize kama rimoti hiyo inahitajika kwetu. Kifaa hiki kilipata umaarufu katika nchi za baridi kali, kama Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako mtu huamka akakuta kioo kimefunikwa na barafu na mafuta ya injini yamekuwa mazito. Huko kuwasha gari kabla ya kutoka ni haja ya kweli. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na jua la mchana huwa nyuzi 28 hadi 30. Injini ya huku haihitaji kupashwa moto. Linalobaki ni kiyoyozi kiwe kimekwisha kupoza viti, jambo ambalo milango ikifunguliwa dakika mbili hulifanya kwa kiasi kikubwa bila gharama.

Dhidi ya raha hiyo ndogo kuna hatari zinazohusu roho za watu. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Na mkono ulio mbali hauoni kilicho karibu na gari. Anayewasha injini kutoka chumbani hamwoni mtoto aliyeinama nyuma ya gurudumu akiutafuta mpira wake, wala hamwoni fundi aliyeingiza mkono karibu na mkanda wa feni. Ndiyo maana kila mtambo wa maana huwa na swichi ndogo chini ya boneti: boneti ikiwa wazi, rimoti haifanyi kazi. Mafundi wenye haraka huiruka swichi hiyo kwa kuwa waya wake ni lazima upitishwe ukutani mwa injini. Usikubali iachwe.

Gari la gia za mkono lisitiwe kifaa hiki kabisa. Likiachwa ndani ya gia, injini ikizungushwa gari litaruka mbele, na lililo mbele huweza kuwa ukuta au mtu.

Tena kuna moshi. Injini inayounguruma ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua aliyelala bila kumwamsha. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2018 kwamba zaidi ya watu 20 nchini Marekani walikuwa wamekufa tangu mwaka 2006 kwa sababu magari yao ya kitufe yaliachwa yakinguruma ndani ya gereji zilizoshikana na nyumba, wenyewe wakidhani yamezimika. Nao walikuwa wameyawasha kwa mikono yao. Sembuse rimoti iliyoachwa mezani mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu anaifikia? Nyumba nyingi za Kondele, Migosi na Manyatta huegesha gari uani, kwenye hewa wazi, na hilo ni jambo jema. Lakini anayeegesha chini ya paa lililozibwa pande tatu, dirisha la chumba cha kulala likiwa hapo hapo, asitie rimoti ya kuwashia hata akipewa bure.

Ulinzi unaofaa

Tukiiweka kando rimoti ya kuwashia, yako mambo matano ambayo pesa hizo hizo zingeyafanya, nayo hulinda zaidi.

La kwanza ni hesabu ya funguo. Magari mengi ya Japani hufika na ufunguo mmoja tu. Ukipotea huo mmoja, gari hubaki jiwe. Kabla ya kengele, tafuta fundi wa funguo mwenye mashine ya kusajili, akutengenezee wa pili. Hapo hapo mwombe asome kompyuta ya gari ina funguo ngapi zilizosajiliwa. Ukiwa na mbili mkononi na kompyuta ikasema tatu, ufunguo wa tatu uko kwa mtu usiyemjua. Katika magari mengi funguo za zamani huweza kufutwa na zako zikasajiliwa upya.

La pili ni kuuzuia ufunguo usisikike usiku. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich walionyesha kwamba watu wawili wenye vipaza mawimbi, mmoja karibu na mlango wa nyumba na mwingine karibu na gari, wanaweza kulifanya gari liamini kwamba ufunguo uko karibu. Walijaribu magari 10 ya makampuni 8, na njia hiyo ikafanya kazi kwa yote. Dawa yake ni rahisi. Usiutundike ufunguo karibu na mlango. Utie ndani ya mfuko maalumu wenye kitambaa cha madini, au ndani ya kopo la bati lenye mfuniko unaobana. Lijaribu kopo lako kwa kusimama nalo karibu na gari: milango ikikataa kufunguka, kopo linafaa.

La tatu ni kengele yenyewe. Chagua ambayo siri yake hubadilika kila unapobonyeza. Za bei ya chini kabisa hutumia siri moja daima, na mwenye kifaa cha kunasa mawimbi huweza kuinakili akairudia. Chagua yenye king'ora kilicho na betri yake ndani, kwani mwizi mzoefu huanza kwa kukata waya wa betri ya gari.

La nne ni swichi ya siri inayokata umeme wa kuzungusha injini. Ni kitu kidogo, cha bei nafuu, na hakiongei na mtandao wowote. Iwekwe kwenye njia ya kuwasha, isiwekwe kwenye pampu ya mafuta, ili hitilafu yake isije ikazima injini ukiwa katikati ya mteremko wa Mamboleo huku malori yakikufuata nyuma.

La tano ni kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Hakizuii wizi, ila husaidia kulipata lililokwisha kuibwa, na kampuni nyingi za bima hukitaka kabla ya kukubali dhamana ya wizi. Mwenye bima ya takaful, iliyoingia Kenya mwaka 2011, na mwenye bima ya kawaida, wote wawili waulize kwanza: je, kampuni inakubali kifaa kilichofungwa na fundi yeyote, au inataka cheti cha mfungaji anayetambuliwa? Kuuliza baada ya gari kuibwa ni kuchelewa.

Tuongeze onyo kuhusu vifaa vinavyoendeshwa kwa simu. Mwaka 2019 kampuni ya uchunguzi ya Uingereza, Pen Test Partners, iligundua kwamba programu za simu za kengele mbili mashuhuri, Viper na Pandora, zilikuwa na kasoro iliyomwezesha mgeni kuiteka akaunti ya mwenye gari, akaona gari lilipo na kulifungua. Magari yaliyokuwa hatarini yalikadiriwa kufika milioni 3. Makampuni hayo yaliziba kasoro hizo haraka, na hilo ni la kuwashukuru. Lakini somo limebaki: vifaa vilivyonunuliwa kwa ajili ya ulinzi vilikuwa ndiyo njia ya kuingilia. Ikiwa yalitokea kwa makampuni makubwa namna hiyo, boksi lisilo na jina wala anwani utalipima vipi?

Siku ya kazi

Msomaji aliyekwisha kupima na kuamua, ama kengele peke yake au kengele pamoja na rimoti, sasa amtazame fundi kazini. Mafundi wa Kondele wasidharauliwe. Wengi wao wamejifunza kwa miaka mingi chini ya mabwana zao, na huweza kuisoma ramani ya waya kama wengine wasomavyo gazeti. Kinachowaharibia kazi mara nyingi ni sisi wateja tunaotaka kazi ya nusu siku imalizwe kwa saa moja, tena kwa nusu ya bei.

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza aina ya gari, mwaka wake na kama ni la mseto wa petroli na umeme. Magari ya mseto, kama Toyota Aqua na Prius, yana nyaya za rangi ya machungwa zinazobeba umeme wa zaidi ya volti 100, na umeme huo huua. Nyaya za rangi ya manjano aghalabu ni za mifuko ya hewa, nazo pia haziguswi. Hulaza vioo na kuhakikisha ufunguo uko nje, kisha hufungua betri kabla ya kukata chochote.

Hupima kila waya kwa mita ya dijitali. Anayechomachoma nyaya za gari la kisasa kwa taa ya kupimia ya balbu huhatarisha kompyuta, kwa kuwa taa hiyo huvuta umeme mwingi kuliko nyaya nyembamba za taarifa zinavyoweza kubeba. Maungio ayatie risasi, ayafunike kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, kisha ayafunge kwa teipu ya kitambaa. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuviringwa teipu ya plastiki hulegea kwa mtikisiko. Uliolegea hupata moto, na moto huyeyusha ganda lake. Magari yameungua namna hiyo. Kila waya mkuu wa umeme uwe na fyuzi yake karibu na betri, ya kipimo kilichoandikwa kwenye boksi. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Asikuwekee kubwa zaidi.

Kisha kuna ulaji wa betri. Kengele haizimiki, hunywa umeme kidogo kidogo usiku na mchana. Gari zima likiwa limelala lisizidi kunywa miliampia 50 hivi. Kwa kiasi hicho, betri ya ampia-saa 45 itafika nusu baada ya siku 18 au zaidi kidogo. Likinywa miliampia 200, itafika nusu kabla ya siku 5 kutimia, na anayesafiri kwenda Mombasa kwa arusi ya wiki moja atarudi akute gari halina uhai. Mwombe fundi akupimie kabla ya kazi na baada yake, nawe uzione namba zote mbili.

Mwisho aandike. Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yatosha: kifaa kimefichwa wapi, fyuzi ziko wapi na za kipimo gani, nyaya zipi zimekatwa, na namna ya kuzima kengele kwa dharura. Karatasi hiyo isikae ndani ya gari.

Jaribu kabla ya kulipa

Usimalize malipo mpaka umefanya majaribio haya mbele ya fundi. Kama umetia rimoti ya kuwashia, washa gari ukiwa nje na ufunguo ukiwa mbali kabisa, umwache mtu aingie na kukanyaga breki: injini ni lazima izimike. Fungua boneti kisha ubonyeze rimoti: injini isizunguke. Iache inguruke bila kuguswa: ijizime yenyewe baada ya muda uliopangwa, ambao kwa kawaida ni dakika 10 hadi 20. Halafu kaa ndani bila ufunguo wowote wala rimoti, ubonyeze kitufe cha gari. Likiwaka, ujue kuna ufunguo ulio macho nyuma ya dashibodi, na kazi haijakwisha.

Jaribio lililo muhimu kuliko yote ni la betri ya rimoti kufa. Betri hizo za duara hufa bila kuaga. Kila anayeendesha gari hilo, baba, mama na kijana mwenye leseni, afundishwe kuzima kengele bila rimoti, kuutoa ufunguo wa chuma uliomo ndani ya ule wa kielektroniki, na kuwasha gari kwa kuugusisha ufunguo kwenye kitufe, jinsi magari mengi ya Toyota yanavyokubali. Mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, hospitali ya rufaa ikiwa mwendo wa dakika chache, huo si wakati wa kukitafuta kitabu cha maelekezo kwa tochi ya simu. Gari lililofungwa mno hata mwenyewe haliwashi limekuwa hasara kama lililoibwa.

Haki ya jirani na haki ya mnunuzi

Bonde la Ziwa Viktoria lina ngurumo nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kengele iliyokazwa mno huamka kwa kila radi na kwa kila lori linalopita. Ikilia mara tatu kwa usiku, jirani ataamka mara ya kwanza, atanung'unika mara ya pili, na mara ya tatu hataitoa hata kichwa dirishani. Siku mwizi akija kweli, itakuwa haina wa kuisikiliza. Basi kipunguzwe kisikivu cha mtikisiko mpaka kofi la mkono kwenye kioo lisiiamshe ila kwa mlio mfupi wa onyo. Na anayeegesha nje ya msikiti siku ya Ijumaa akumbuke kwamba king'ora katikati ya hotuba huwaudhi watu wote kwa pamoja.

Siku ukiliuza gari hilo, mweleze mnunuzi kila kilichofichwa, na umkabidhi karatasi ya fundi pamoja na rimoti zote. Mtume (SAW) alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula akakuta umajimaji uliofunikwa kwa kikavu, naye akamkemea mwenye bidhaa na kumtenga mwenye kughushi na umma wake. Ufunguo uliosahauliwa nyuma ya dashibodi ni umajimaji wa namna hiyo.

Iko pia amana ya fundi. Anayeifungua dashibodi yako huijua siri ya gari lako kuliko mkeo na wanao, tena huijua nyumba yako ukimwita nyumbani. Usimchague kwa bei peke yake. Waulize waliofungiwa na yeye mwaka uliopita, nenda kayatazame magari yao, uliza kama bado yuko mahali pale pale na kama hurudi kurekebisha akiitwa. Mlipe haki yake bila kumvuta, umwachie muda wa kutosha, na baada ya hapo badilisha namba ya siri ya kengele mwenyewe, ukiwa peke yako. Kufanya hivyo hakumvunjii heshima. Humwondolea tuhuma siku lolote likitokea.

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik, katika mkusanyiko wa Tirmidhi, kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Allah, au amwache huru na kumtegemea. Aliamrishwa afanye yote mawili, amfunge kisha ategemee. Ngamia wetu wa leo hufungwa kwa siri ya mawimbi, na anayetaka kumfungua akiwa mbali ahakikishe kwanza kwamba kamba haikuachwa mikononi mwa kila apitaye njia.

Allah atulindie mali zetu za halali, watoto wetu na majirani zetu, na awajaalie mafundi wetu uaminifu na riziki njema. Amin.